Viatu vya Mzee Safari na neno la vijana wa Marekani

Wiki iliyopita nilipita pale gereji, Karatu, kumsalimia fundi mmoja rafiki yangu. Nikasimama kando ya Land Cruiser iliyoinuliwa kwa jeki, miguu miwili ya kijana imechomoza chini yake. Mara nasikia sauti kutoka uvunguni: "Oya mwanangu, viatu vikali hivyo umevitoa wapi? Hebu nisogezee hiyo spana."

Nikainama kumsogezea. Ndipo akachungulia, akaziona mvi zangu. Lo! Alijigonga kichwa kwenye chasisi, akarudi uvunguni haraka kuliko alivyotoka. Wenzake walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. "Umemwita babu mwanangu! Leo unalo!" Naye huko chini anaomba tu: "Shikamoo babu. Samahani babu. Nimeona viatu tu, babu."

Niliitikia shikamoo yake, nikaondoka haraka, nanyi mkadhani nimekasirika. Sikukasirika hata chembe. Niliondoka kwa sababu machozi yalikuwa njiani, na mtu mzima hapendi kulia gereji. Ndiyo maana nawaandikia haya ninyi vijana wa spana, na ninyi mnaoteremsha wageni kreta, na hasa wewe uliyekuwa uvunguni. Kulikuwa na neno moja la vijana wa Marekani, wakilitumia kama ninyi mnavyotumia "mwanangu," na neno hilo nusura limfukuzishe kazi dereva bora kuliko wote niliowahi kuwaona. Viatu ulivyovisifu vimo ndani ya habari hiyo.

Mimi ni Akonaay, mzaliwa wa Endamarariek. Nilijifunza usukani kwenye trekta, katika mashamba ya ngano, nikaingia kazi ya watalii ndevu hazijakomaa. Nimeendesha mpaka nikastaafu, na sijawahi kupindua gari la wageni. Mnisamehe nikijisifu. Mtu aliyeteremka kreta wakati wa masika kwa Land Rover yenye breki za kubahatisha ana haki ya kujisifu kidogo.

Lakini sifa zenyewe si zangu peke yangu. Aliyenifundisha ni Mzee Safari. Wageni walidhani ni jina la kazi, kumbe ni jina lake la kuzaliwa. Kwetu Wairaqw mtoto akizaliwa mama yake yuko njiani huitwa hivyo, na mama yake alimzaa akitoka mnadani. Alikuwa mfupi, mkavu, mwenye maneno machache na macho ya mwewe. Akikwambia pale kichakani kuna chui, hata kama wewe huoni kitu, zima injini usubiri.

Siku moja ya mwanzo mwanzo alinipa usukani kwenye mteremko. Nikajiamini, nikachelewa kuingiza gia nzito. Katikati ya kona nikaanza kuitafuta, gia inalia, gari linazidi kukimbia, mimi breki, breki, breki. Nilipofanikiwa kulituliza, Mzee Safari hakunigombeza. Alifungua mlango, akashuka, akaokota jiwe kubwa, akaanza kutembea kando ya gurudumu la nyuma, jiwe mkononi, tayari kuliweka. Akatembea hivyo mpaka njia ilipolala. Wageni wakaniuliza huyu mzee anatembea na jiwe la nini. Nikaona aibu, nikawaambia anatafuta nyayo za chui. Tulipofika chini alinieleza sentensi moja tu: "Gia huingizwa juu, Akonaay, kabla hujaogopa." Nimewapa vijana wengi sentensi hiyo, nawe ichukue.

Na ujanja mwingine mwingi. Tangi la petroli likitoboka kwa jiwe, alisugua sabuni ya mche kwenye tobo mpaka ikaziba, na tulifika nyumbani. Miaka ile ya shida, sabuni ilipoadimika madukani, yeye alikuwa na kipande chake kimefungwa kwenye kitambaa ndani ya boksi la spana. Mke wake akamlalamikia kwamba gari linaoga kuliko watoto. Kilikuwa kichekesho cha Karatu nzima, lakini hakukitoa kipande kile hata kwa harusi.

Kiingereza chake nacho hakukipata shule. Alikiokota kwa wageni, neno moja moja. Akisikia jipya huuliza maana yake, akishaambiwa halisahau tena. Tena hakukubali ulibadilishe. Kwake neno lilikuwa kama nati, likiingia mahali pake unalikaza.

Ndiyo habari ya neno lenyewe. Miaka ya sabini, mapema, alibeba mzee mmoja wa Kimarekani na mkewe. Mzee yule alikuwa mfugaji kwao, ana ng'ombe wasiohesabika, mikono migumu kama yetu. Walielewana sana na Mzee Safari, maana wote wawili walitazama ng'ombe wa Wamasai kwa muda mrefu kuliko walivyotazama simba. Wakiwa wamepumzika ukingoni mwa kreta, mgeni akalinyooshea kidole gari jingine. Walikuwa wanashuka watu waliovaa kaki mpya zenye mikunjo ya dukani, buti zinang'aa, kofia bado ina kamba ya bei. Mzee wa Kimarekani akacheka, akasema neno: dude. Msilisome Kiswahili, wao hulitamka duud. Mzee Safari akauliza maana. Akaelezwa kwamba ni mtu wa mjini, amenunua buti mpya na kofia mpya, amekuja shambani kwa wafugaji kujifanya naye mfugaji, na hajui kutofautisha dume na jike. Mwenye ng'ombe akikuita hivyo, amekuvua nguo.

Mzee Safari alirudi Karatu na neno lile kama aliyepewa zawadi. Sisi madereva tukalipokea, tukaliongezea mkia likawa dudi, wingi wake madudi. Ikawa lugha yetu ya siri. "Leo umebeba nini?" "Madudi matupu, buti hazijakanyaga hata vumbi." Wageni wako hapo hapo wanatabasamu. Tulicheka sana na neno lile, miaka na miaka, na hatukuwa na habari kwamba huko kwao halikukaa likitusubiri.

Dalili zilikuwepo. Baadaye kidogo wakaja vijana wa Kimarekani wenye nywele ndefu, wanaitana dude wao kwa wao. Mzee Safari akawasikiliza siku nzima, akatoa hukumu: "Hawa ni watani." Kwamba wanatukanana kwa utani, kama watu wa koo mbili wanavyorushiana maneno msibani. Nikaona ni jibu la akili, nikaliamini.

Kisha mpaka na jirani zetu wa kaskazini ukafungwa, wageni wakapungua, spea zikawa ndoto. Mzee Safari alivaa katambuga. Dereva wa watalii, kaptula imetiwa viraka, miguuni matairi! Hakulalamika, lakini nilikuwa namwona akificha miguu nyuma ya gurudumu mgeni anapotaka kumpiga picha.

Mambo yalipofunguka tena, wageni wakarudi, kampuni yetu ikatoa sare mpya. Na viatu. Buti za ngozi, za kahawia, za kufunga kamba mpaka juu ya kifundo. Mzee Safari alizipokea kwa mikono miwili. Asubuhi ya siku ya kwanza alikuja nazo zinang'aa mpaka unajiona, akatembea kutoka ofisini hadi kwenye gari polepole, akizunguka madimbwi. Tukampigia makofi. Alijaribu kununa akashindwa, meno yote nje.

Na siku hiyo hiyo ndiyo tuliyopewa wanafunzi wa chuo kutoka Marekani. Yeye kabeba vijana gari la mbele. Mimi gari la nyuma na wengine, pamoja na mwalimu wao, mama mmoja wa miwani, mpole lakini macho yake hayakosi kitu. Tukapanda, tukapita lango, tukaingia msitu wenye ukungu. Kufika juu, pale pa kutazamia kreta, nikaona gari la mbele limeegeshwa, jiwe liko nyuma ya gurudumu. Mzee Safari anakuja kwangu na ufunguo mkononi. Hata kwa hasira hakusahau jiwe.

"Akonaay, utawateremsha wewe kwa zamu. Mimi narudi Karatu kwa miguu."

"Mzee, kuna nini?"

"Nimetukanwa tangu langoni. Kila kona natukanwa."

"Wamesemaje?"

Akatazama pembeni. "Wananiita dudi."

Angesema hivyo dereva mwingine ningecheka. Lakini yeye alinishikisha ufunguo. "Yule kijana mwenye nywele ndefu ndiye aliyeanza," akasema. "Angekuwa hajavitazama viatu vyangu, ningesema labda kateleza ulimi. Kavitazama kwanza, Akonaay. Kavitazama, kacheka, kasema viatu vizuri sana, dudi. Mimi! Mimi nisiyejua dume na jike! Nimevaa matairi miaka yote ile hakuna aliyenicheka, leo nimevaa kiatu cha mtu ndipo naitwa dudi kwenye nchi yangu?"

Vijana, muelewe uzito wake. Meneja wetu alikuwa na sheria moja asiyoipindisha hata kwa ndugu yake: dereva akiwaacha wageni njiani, asirudi hata kuchukua koti. Mzee Safari alikuwa karibu kabisa kustaafu. Angeondoka pale, kazi yake yote ingeishia kwenye neno "alitelekeza wageni," na Karatu ndogo, kila mtu angelijua. Alijua hivyo. Na bado ufunguo ulikuwa mkononi mwangu.

Mwalimu akaja. "Kuna tatizo?"

"Hapana, mama. Injini ya mwenzangu inapumzika."

"Si ndiyo gari jipya lile?"

"Ndiyo hivyo, mama. Bado halijazoea mlima."

Hakuamini, lakini alirudi kutazama kreta, nami nikajua nimepewa dakika chache. Nikamfuata yule mwenye nywele. Aliitwa Skoti, mrefu kama mlingoti, nywele za njano mpaka mabegani, kofia yake imegeuzwa nyuma. Nikamuuliza kwa Kiingereza changu, neno hilo unalomwita mzee maana yake nini. Akashangaa. Akakuna kichwa. Akafungua mdomo, akaufunga. "Ni... dude tu," akasema. Halafu akaanza kunionyesha kwa vitendo. Akamwita rafiki yake dude, rafiki akaitika. Akamwita binti dude, binti naye akaitika bila kinyongo. Akakanyaga tope likaingia kiatuni, akalaani kwa neno lile lile. Ukungu ukafunguka, kreta yote ikaonekana hadi ziwani, akashika kichwa kwa mikono miwili akasema tena duuud, taratibu, kama mtu kanisani. Nilisimama pale naona neno letu la siri linatumiwa kwa kila kitu kama chumvi.

Nikarudi kwa Mzee Safari kumweleza. Hakutaka. "Neno haliendi hivyo," akasema. "Yule mzee mwenye ng'ombe hakunidanganya."

"Hakukudanganya, mzee. Lakini ni zamani. Hawa ni vijana wengine."

"Basi vijana wangemwita kijana mwenzao! Mimi ni rika lao?"

Hilo ndilo lililokuwa linamuuma hasa, kuliko hata viatu. Nikamrudia Skoti, safari hii bila kuzunguka. Nikamwambia: yule mzee ameumia, anaona umemcheka kwa viatu vyake vipya, na akiondoka hapa anapoteza kazi. Kijana yule aligeuka rangi. "Lakini nilivipenda kweli viatu vyake," akasema. Akataka kukimbia kumwomba radhi, nikamshika mkono. Maana angeomba radhi kwa Kiingereza cha haraka, na angemwita dude tena ndani yake, hakujua kuongea bila neno lile.

Tukiwa tumesimama hivyo, kengele zikasikika. Ng'ombe wa Mzee Lembris walikuwa wanaletwa kuteremka kulamba chumvi bondeni, kama ilivyokuwa desturi. Lembris alikuwa rafiki wa Mzee Safari tangu siku nyingi, walikuwa wakipashana habari za malisho kila wanapokutana. "Sopa!" akamsalimia Kimasai. Mzee Safari akaitika kwa uvivu. Nyuma ya Lembris walikuja layoni wake, wale wavulana wachungaji ambao hawajaingia jando. Wakafanya kama wanavyofanya kwa kila mtu mzima. Mmoja mmoja akaja mbele ya Mzee Safari, akainamisha kichwa kimya kimya, akangoja. Naye, pamoja na hasira zake, akawawekea mkono utosini mmoja mmoja. Si Mmasai, lakini hakuna mtu wa huku anayeacha kichwa cha mtoto kikining'inia.

Skoti alikuwa anatazama. "Wanafanya nini?" akaniuliza.

"Wanamsalimia. Huku heshima huanzia shingoni, maneno hufuata baadaye."

Hakuniuliza zaidi. Alivua kofia, akaenda akajipanga nyuma ya layoni wa mwisho. Lile jitu refu, nywele zile, foleni moja na watoto wanaomfika kiunoni! Mwalimu akavua miwani. Lembris akaguna kwa mshangao, akaniambia kwa Kiswahili chake cha mnadani: "Mkubwa hivi na bado anatoa kichwa? Kwao hakuna jando?" Nikamwambia hilo mimi huwa siwaulizi wageni.

Zamu yake ikafika. Akainama, ikabidi ainame sana maana Mzee Safari nimesema alikuwa mfupi, nywele zikaanguka mbele zikaning'inia juu ya buti zile. Na kutoka huko chini, kwa sauti ndogo, akasema, "Samahani, dude."

Mungu wangu. Nikafumba macho. Nikasema basi, kwisha kazi.

Nilipofumbua, mkono wa Mzee Safari ulikuwa utosini mwa kijana. Ulikaa pale. Ulikaa kuliko ulivyokaa kwa watoto wa Lembris, na uso wa mzee ulikuwa unafunguka kama ukungu ulivyofunguka juu ya kreta. Kisha akampiga kofi dogo la kichwani, kofi la baba. "Haya, panda gari, dudi," akasema. Akaninyang'anya ufunguo, akatoa jiwe, akaingiza gia nzito kabla ya mteremko, akateremka.

Nilimfuata nyuma. Kupitia vumbi nikaona kichwa cha njano kimekaa kiti cha mbele, mkono wa mzee unaonyesha huku na kule. Meneja hajajua kitu mpaka leo, na mwalimu yule, Mungu ambariki, aliaga akisema injini imezoea mlima.

Tulipokuwa tunakula, karibu na bwawa la viboko, Mzee Safari alinisogelea. "Akonaay, lile neno limehama kweli," akasema. "Limehama bila kutuaga." Nikamuuliza sasa tutajuaje maana yake. Akamnyooshea kidole Skoti, aliyekuwa anampangusia mwenzake matope. "Mtazame anayelisema. Mimi kile kichwa kilichoinama sikuhitaji mkalimani kukielewa." Tangu siku ile alipokea wageni kwa namna nyingine. Akisikia neno jipya aliuliza maana kama zamani, lakini alikuwa anauliza tena msimu unaofuata, na mwingine, kama mtu anayepima presha ya tairi lile lile kila asubuhi. Na sisi tuliacha kuwaita wageni madudi nyuma ya migongo yao. Ladha ilikuwa imetuishia. Madereva wawili wakaanza kuitana hivyo wenyewe, kwa mapenzi, na mpaka leo kuna mzee mwenzangu pale Kansay nikimpigia simu hujibu kwa neno hilo.

Hata ninyi, "mwanangu" yenu mimi naijua tangu ilipokuwa ya mama yangu, akiniita nile. Baadaye ikawa yangu kwa watoto wangu. Sasa iko uvunguni mwa Land Cruiser inaomba spana. Sawa tu. Mimi nimejifunza kutazama shingo kwanza.

Mzee Safari alistaafu kwa heshima zote. Aliagwa kwa mbuzi na hotuba, meneja yule mkali akashindwa kumaliza kusoma yake. Alivaa buti zile, zimepigwa rangi. Akaenda kwake akafuga nyuki na kugombana na majirani kuhusu mpaka wa shamba, maisha mazuri kabisa.

Alipozidiwa na ugonjwa wake wa mwisho aliniita. Nilimkuta kitandani, buti ziko mlangoni, safi. Akaniambia nizichukue. Nikakataa, nikasema utazivaa mwenyewe ukipona. Akanitazama kama siku ile ya jiwe. "Usiziweke kabatini," akasema. "Zivae. Zivae mpaka kijana mmoja azisifu." Akacheka kidogo, akakohoa, akalala.

Nimezivaa, wanangu. Soli nimebadilisha kwa fundi viatu mara nyingi, kamba nazo, ngozi ni ile ile. Nimezivaa kanisani, mnadani, kwenye harusi za wajukuu. Wazee wenzangu wanasema zimechoka. Mke wangu anasema ni aibu. Watoto wameninunulia raba nyeupe. Hakuna aliyezisifu, mpaka wiki iliyopita nikasikia sauti kutoka chini ya gari.

Jumamosi nitapita tena gereji. Utoke uvunguni, uje na mikono yako ya grisi hivyo hivyo, usinawe, wala usiniombe samahani. Inamisha kichwa tu. Nina salamu zako kutoka kwa mwenye viatu.